Doa la Mwembe na Doa la Barabara

Mwenye gari Mtwara ana maadui wawili wa rangi, na hawaji kwa njia moja. Mmoja hushuka kutoka juu, kwenye mwembe au mkorosho uleule uliompa kivuli. Wa pili hurushwa na matairi kutoka kwenye lami mbichi. Wote wawili huacha madoa yanayonata, ya kahawia au meusi, na wote hutibiwa kwa dawa moja: petroli kidogo kwenye kitambaa, kisha mkono wenye nguvu. "Bosi, niache nipige petroli, dakika moja tu," kijana wa kuosha magari atakwambia, na kweli dakika ikiisha doa halipo. Kilichoondoka pamoja nalo ndicho ninachotaka kukichunguza.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji ajue nabishana na nani. Sehemu kubwa ya kinachoitwa utomvu kwenye magari ya Shangani, Ligula na Mikindani si utomvu hata kidogo, na hakihitaji chochote kutoka kituo cha mafuta. Kile ambacho kweli ni utomvu kina aina zake, na kila aina ina kiyeyusho chake. Lami ni habari nyingine. Na rangi yenyewe, ambayo hakuna anayeiuliza kabla ya kumwaga, nayo si moja: kuna rangi ya kiwandani na kuna rangi ya gereji bubu, na kile kinachopita juu ya ya kwanza bila madhara huing'oa ya pili hadi kwenye bodi fila.

Tusimlaumu anayeegesha chini ya mti. Mtwara iko nyuzi kumi hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, Oktoba na Februari, na boneti ya rangi nyeusi iliyoachwa wazi mchana inaweza kuvuka nyuzi joto 70. Dashibodi hupasuka, usukani haushikiki, na anayerudi na mtoto hulazimika kwanza kufungua milango yote minne na kusubiri. Kivuli ni lazima. Na kivuli kizito kuliko vyote pwani hii ni cha mwembe, ukifuatiwa na mkungu, mkorosho na mwarobaini.

Sasa tazama kioo cha gari lililolala chini ya mwembe mwezi Julai au Agosti, miti ikiwa na maua. Utaona vitone vidogo mno, maelfu, vimetapakaa kwa usawa kuanzia boneti hadi paa. Ukigusa vinanata. Utomvu unaotoka kwenye tawi lililojeruhiwa haudondoki hivyo. Huanguka tone kubwa moja hapa na jingine pale, chini ya jeraha lake. Vitone hivi ni kinyesi cha wadudu. Wale wadudu wadogo wanaorukaruka kwenye mashada ya maua ya mwembe, pamoja na vidung'ata na wadudu gamba, hufyonza maji ya mti, ambayo yana sukari nyingi na protini kidogo sana. Ili wapate protini ya kuwatosha inawabidi wanywe kupita kiasi, na sukari iliyozidi huitoa nyuma. Hiyo ndiyo mvua inayonyeshea gari lako. Ikikaa siku kadhaa, ukungu mweusi huota juu ya sukari hiyo, na hapo mwenye gari huapa kwamba amemwagiwa lami.

Katika biashara hii yumo mdudu ambaye kila mtu wa Kusini anamjua kwa kuumwa naye. Maji moto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa viota, huwachunga wadudu gamba na vidung'ata kwa ajili ya sukari ileile; huwalinda, nao wakaongezeka. Mti wenye maji moto wengi kwa kawaida ni mti unaonyesha sukari. Lakini usimwombe mwenye shamba awaue. Maji moto hao hao huwinda mbu wa mikorosho, adui mkubwa wa machipukizi na korosho changa, na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wamewafanyia kazi kwa miaka mingi kama walinzi wa mikorosho badala ya sumu. Mkulima anawataka na dereva hawataki. Dereva ndiye wa kuhama.

Sukari huyeyuka katika maji. Jambo hili kila mpika chai analijua, ila likihamia kwenye boneti linasahaulika. Petroli haiyeyushi sukari hata ukimwaga debe zima. Petroli ikionekana kufanya kazi kwenye madoa haya, kilichofanya kazi ni mkono uliosugua, na mkono huo umesugua pamoja na mchanga. Tiba ni kulowesha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kufunika kwa kitambaa kilicholowa kwa dakika kumi pale palipokauka, kisha kumwaga maji mengi. Kati ya Juni na Septemba ongeza maji zaidi, kwa sababu huo ndio msimu wa kupulizia salfa dhidi ya ubwiri unga wa mikorosho. Unga ule wa manjano unaopeperushwa kutoka mashambani hunasa kwenye sukari, na wenyewe hauyeyuki kwa maji; inabidi uelee na kusombwa. Ukiusugua mkavu, umejitengenezea msasa.

Baada ya sukari uje utomvu wa kweli. Shina la mkorosho likikatwa au likitobolewa na wadudu hutoa gundi ya rangi ya asali. Mwarobaini hufanya vivyo hivyo. Gundi hizi ni za jamii ya wanga na sukari ndefu. Katika maji hazipotei mara moja, bali huvimba, hulainika na kuachia. Nusu saa chini ya kitambaa kilicholowa hutosha kwa tone lililokuwa gumu kama kioo. Hapa pia anayekimbilia petroli anahangaika bure, na hapa ndipo nimeona watu wakimalizia kwa ncha ya kisu.

Mwembe wenyewe una tabia nyingine. Embe changa au bivu likikatwa kikonyo, hutoka maji yanayochuruzika kwa kasi, yenye harufu kali, na watoto wa pwani wote wameshapata vidonda mdomoni kwa kula embe bila kuliosha. Maji hayo yana mafuta yenye harufu na utomvu mgumu ndani yake, na ni makali kwa ngozi kwa sababu mwembe ni ndugu wa mkorosho, ukoo mmoja. Novemba na Desemba, watu wakiangua maembe juu ya gari lako kwa upondo, ndiyo yanayodondoka. Maji pekee hayayamalizi yakishakauka. Spiriti huyamaliza. Ile chupa ya kitakasa mikono iliyobaki nyumbani tangu 2020 ina kileo cha kutosha kwa kazi hii: tone kwenye kitambaa cha pamba, unaweka juu ya doa, unahesabu hadi thelathini, unapangusa mara moja, kisha maji. Kisiachwe kikauke juu ya rangi, na kisitumike kabla hujajua rangi yako ni ipi. Hilo nitalifikia.

Fenesi lina utomvu wa mpira. Kwenye fenesi pwani hii haihitaji mwalimu: kila mama anayelipasua hupaka kisu na viganja mafuta ya kula au ya nazi kwanza, na ikibaki ile nata vidoleni huitoa kwa mafuta, kamwe si kwa sabuni. Watoto waliotega ndege kwa ulimbo walijifunza vivyo hivyo. Elimu hiyo haina sababu ya kuishia jikoni. Tone la utomvu mweupe kwenye mlango wa gari hutoka kwa mafuta ya nazi, taratibu, kwa dakika kumi au ishirini, na mafuta ya nazi hayaidhuru rangi yoyote ninayoijua. Unayaosha mwishoni kwa sabuni, basi.

Linabaki bibo, ambalo ni tatizo la Mtwara kuliko mikoa mingi. Maji yake yana tindikali kidogo na yale makali yanayokausha ulimi. Nguo ikipata doa la bibo ndiyo imepata. Kwenye rangi nyeupe ya gari doa hilo la kahawia hutoka likiwa bichi kwa maji tu, na likishapigwa na jua siku mbili huwa limejiandika. Afadhali bibo kuliko ganda la korosho. Mafuta ya ganda, yale yanayobabua mikono ya wabanguaji wasiojipaka majivu au mafuta, yakipata joto hujiunga na kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka tena. Viwanda vya nchi nyingi hutumia tabia hiyo kutengeneza vitambaa vya breki na vanishi. Kwa hiyo lori la kubeba korosho lenye michirizi myeusi ubavuni lina, kwa maana fulani, vanishi mpya isiyotakiwa. Michirizi mibichi hutoka kwa spiriti au mafuta ya taa. Ya mwaka jana sijaona ikitoka bila rangi kuja nayo.

Ninapofika kwenye rangi yenyewe inanibidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu pwani hii haikuanza jana kuhusiana na utomvu na magari. Katika karne ya 19 miongoni mwa bidhaa zilizotoka kwenye bandari ndogo za Mrima, Kilwa na Mikindani kwenda Zanzibar, na kutoka Zanzibar kwenda Hamburg na Salem kule Marekani, ilikuwa sandarusi: utomvu wa msandarusi, mti wa misitu ya pwani. Iliyotoka mtini ikiwa bado mbichi iliitwa chakazi na ilikuwa na bei ndogo. Iliyothaminiwa ni ile iliyolala ardhini miaka isiyohesabika, ikachimbwa kwa jembe. David Livingstone, aliyepita Mikindani mwaka 1866 akielekea Ruvuma, aliandika jinsi watu wa huku walivyoichimba karibu na miti iliyopo, wakiamini kwamba miti ya kale ilisimama papo hapo. Sandarusi ya Zanzibar, kama ilivyoitwa sokoni, ilihesabiwa kati ya zilizo ngumu kuliko zote duniani. Wapishi wa vanishi waliiyeyusha kwa moto, wakaichanganya na mafuta ya kitani, wakaizimua kwa tapentaini, ambayo nayo hutokana na utomvu wa misonobari. Vanishi za namna hiyo zilipakwa kwenye magari ya farasi ya matajiri, na baadaye kwenye motokaa za kwanza. Gari la mwaka 1910 lilimeta kwa utomvu.

Kazi hiyo ilichukua majuma, tabaka juu ya tabaka, kila moja likisubiri kukauka. Viwanda vya Marekani vilivyotaka kutoa magari kwa maelfu havikuweza kuvumilia. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ilileta Duco, rangi ya selulosi inayokauka kwa saa chache, na General Motors ikaanza kuitumia kwenye magari yake ya Oakland. Rangi ya selulosi haibadiliki ikikauka; thina huondoka, rangi hubaki. Rudisha thina wakati wowote, hata baada ya miaka ishirini, nayo itayeyuka kama siku ilipopigwa. Magari ya leo yanayotoka kiwandani yako tofauti: rangi huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi, na juu yake, tangu miaka ya 1980 kwa magari mengi, kuna tabaka la wazi lisilo na rangi, ambalo chembe zake zimeshikana kwa kila upande. Petroli ikipita juu yake kwa sekunde chache haiyeyushi kitu.

Kwa nini hayo yamhusu mtu wa Chikongola mwenye Toyota IST ya mkono wa pili? Kwa sababu gari lake lilikuja kutoka Japani na rangi iliyookwa, kisha likagongwa ubavuni mwaka juzi, na mlango mmoja ukapigwa rangi gereji bubu. Fundi rangi mzuri hutumia rangi yenye hadina, ambayo hushikana yenyewe bila tanuru na ikikaa mwezi huwa imara. Fundi mwenye haraka, au mteja mwenye bajeti ndogo, huishia kwenye selulosi na thina. Kwa macho milango yote minne ni sawa. Petroli au thina ikipitishwa kote, mitatu itatulia na wa nne utaacha rangi kwenye kitambaa. Nimewahi kuona mwenye gari akimfokea mwosha magari kwa kosa ambalo kwa kweli lilifanyika gereji.

Kipimo chake ni chepesi. Fungua mlango, tafuta sehemu isiyoonekana, ukingo wa ndani au chini ya bawaba. Lowesha pembe ya kitambaa cheupe kwa kile unachotaka kutumia, ikandamize pale kwa nusu dakika bila kusugua, kisha tazama kitambaa. Kikitoka na rangi ya gari, au sehemu ile ikawa laini kwa ukucha, hapo hutumii spiriti, petroli wala thina, bali mafuta ya nazi na subira. Pima kila mlango, maana kila mlango una historia yake. Vumbi jepesi la rangi ukitumia kitambaa kikavu kwenye rangi kuukuu isiyo na tabaka la juu ni jambo jingine: hiyo ni rangi iliyochoshwa na jua, na haina uhusiano na kiyeyusho.

Lami hujitambulisha kwa mahali ilipo. Utomvu uko juu, kwenye paa, boneti na vioo. Lami iko chini, nyuma ya matairi, kwenye madgadi, chini ya milango na ubavu wa bampa la nyuma, ikiwa na ncha inayoonyesha ilikotokea. Mtwara imekuwa na misimu yake ya lami. Barabara ya kupitia Newala hadi Masasi, kilomita 210 juu ya Uwanda wa Makonde, imekuwa ikitiwa lami kwa vipande, kuanzia kile cha kilomita 50 hadi Mnivata. Kila kipande kinapofunguliwa kikiwa bado kibichi, magari ya Tandahimba na Newala hufika mjini yamepigwa madoa hadi magotini. Malori ya korosho hayana wasiwasi, hayo yalishakubali. Wenye magari madogo ndio wanaolia.

Kabla ya tabaka la mwisho, udongo ulioshindiliwa hupuliziwa lami nyepesi, iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa ili iingie ardhini. Hiyo ndiyo inayoruka kuliko zote, na ndiyo inayoonyesha dawa yake waziwazi: kilichoizimua kule barabarani ndicho kitakachoizimua mlangoni. Lami ni mabaki mazito ya mafuta ghafi, na chochote cha ukoo huo huilainisha. Petroli huiyeyusha haraka. Dizeli na mafuta ya taa polepole zaidi. Mafuta ya kula huilainisha polepole kuliko yote, lakini huilainisha.

Kwa nini basi petroli ndiyo iliyoshika nafasi? Nadhani jibu liko zaidi sokoni kuliko kwenye kemia. Zamani kila nyumba ilikuwa na mafuta ya taa, ya kibatari na ya jiko. Kisha ikaja miaka ya uchakachuaji, dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa yaliyokuwa na kodi ndogo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili tofauti ya bei ife. Uchakachuaji ukapungua. Mafuta ya taa nayo yakaadimika, umeme wa jua na mitungi ya gesi vikachukua nafasi yake, na kilichobaki karibu na mkono ni petroli ya bodaboda kwenye chupa ya maji. Kijana wa kuosha magari hakuchagua petroli kwa utafiti, ndiyo iliyopo.

Tofauti yake si ndogo. Mvuke wa petroli huweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri; mafuta ya taa yanahitaji kufika nyuzi 38 au zaidi, dizeli zaidi ya 50. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na hatua chache kutoka kwenye ndoo za kuoshea magari mara nyingi kuna jiko la chipsi au mtu na sigara yake. Halafu petroli hukauka kabla haijamaliza kazi, kwa hiyo anayeitumia hulazimika kusugua. Mafuta ya taa hukaa, na kukaa ndiko kunakotakiwa. Mwisho, petroli na thina haziishii kwenye bati. Taa za mbele za magari ya sasa ni plastiki, na thina ikizigusa hufifia au hupasuka nyufa ndogo zisizofutika. Raba za milango hukauka. Kwa hiyo mtu anaondoa doa la ukubwa wa dengu na kununua taa.

Namna nzuri inavyofanyika niliitazama kwa fundi mmoja wa Magomeni, mtu mzima asiye na haraka. Gari lilikuwa kivulini tangu asubuhi na bati lilikuwa la baridi. Hilo lenyewe ni nusu ya kazi: lami ya barabarani ya daraja la 60/70 hulainika kati ya nyuzi 49 na 56, na bati lililopigwa na jua la saa saba mchana limeshapita hapo, kwa hiyo ukipangusa unaitandaza. Alimwaga maji kwanza, mengi, bila kugusa, mpaka vumbi jekundu la Makonde likaacha kutiririka. Alikata fulana kuukuu vipande vya kiganja. Kipande kimoja alikilowesha kwa mafuta ya taa, si kuchuruzika, akakibandika juu ya madoa na kukiacha. Akaenda kwenye mlango mwingine, akabandika cha pili. Baada ya dakika kama tano aliinua pembe ya kile cha kwanza, na chini yake yalikuwa yametoka maji ya rangi ya chai ya rangi, doa likiwa limepoteza ukingo wake. Alipangusa mara moja, kuelekea chini, akakunja kitambaa upande safi, akapangusa tena. Hakurudisha upande uliokwisha kuchafuka. Doa moja kubwa lilibaki na punje ya kokoto katikati. Hilo alilibandikia tena badala ya kulikwangua. Alimaliza kwa sabuni ya maji, kwa sababu mafuta ya taa yakiachwa huacha utando unaokusanya vumbi, na akapaka nta kidogo pale tu alipofanya kazi. Mwenye gari alimuuliza, "Mzee, mbona hutumii nguvu?" Akajibu kwamba nguvu alishazitumia kununua mafuta ya taa.

Hapo kwenye nguvu ndipo uharibifu mwingi unapotokea, na takwimu zake zafaa kujulikana. Rangi yote ya gari la kiwandani, kuanzia bati hadi juu, ni maikroni 100 hadi 150. Tabaka la wazi pekee ni 35 hadi 50, yaani nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Mchanga wa Msimbati, unaoingia kila mahali kwa anayepita njia ile ya kwenda Ghuba ya Mnazi, ni mgumu kuliko tabaka hilo. Dodoki lililotumika ndoo nzima limejaa mchanga huo. Stiliwaya sitaizungumzia. Kisha michubuko ikionekana, gari hupelekwa kupigwa kompaundi, ambayo hung'arisha kwa kukata: inashusha uso wa rangi hadi usawa wa mchubuko. Mara moja si neno. Kila baada ya msimu wa maembe, kwa miaka mitano, na fundi mwenye mashine asiyejua kuinua mkono kwenye kona, tabaka la wazi huisha, na juu ya paa panaanza kubanduka magamba meupe. Watu husema ni jua la pwani. Jua lilimalizia tu.

Lipo pia doa ambalo si la kuondoa tena. Sukari au bibo likiachwa majuma kwenye jua hula tabaka la juu na kuacha kovu, duara hafifu linaloonekana kwa mwanga wa pembeni. Kiyeyusho hakina kazi hapo kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuyeyusha. Wanaolisugua kovu kama doa huongeza kovu.

Na ipo lami ambayo ningeiacha. Chini ya milango na ndani ya madgadi, kwenye mji wenye upepo wa chumvi kama huu, utando wa lami ni kinga ya kutu, na mafundi wa zamani walikuwa wakiipaka kwa makusudi, au oili chafu kwa asiye na uwezo. Anayekwangua chini ya gari lake mpaka bati lionekane, kisha akaenda kuegesha ufukweni Shangani, hajajitendea wema. Sehemu ya kusafisha ni ile inayoonekana ukiwa umesimama. Ukilazimika kuinama kuitafuta, iache.

Kinga si ngumu sana, ingawa kila moja ina kasoro. Turubai huzuia sukari na maembe, lakini upepo wa kusi ukiingia chini yake hulisugua gari kwa mchanga usiku kucha. Nta ikipakwa Mei, kabla ya maua, huyapa madoa kitu kingine cha kushika badala ya rangi. Sabuni ya unga ya kufulia huivua nta hiyo kwa kuosha mara chache tu, na ndiyo sabuni inayotumika karibu kila mahali. Kwenye lami mbichi, mwendo mdogo hupunguza sana kinachorushwa, ila jaribu kumwambia hivyo dereva wa Noah mwenye abiria wa Newala.

Suala ambalo hakuna anayelihesabu kwenye gharama ni mahali maji yanapokwenda. Magari mengi huoshwa karibu na maji kwa sababu maji yako hapo: kando ya mito, kwenye mabwawa, hata pwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kuanzia Ghuba ya Mnazi hadi mlango wa Ruvuma ni Hifadhi ya Bahari tangu mwaka 2000, kilomita za mraba 650 zenye matumbawe, mikoko na samaki wanaolisha vijiji vya humo. Kwa njia ya kubandika, gari zima hutumia mafuta ya taa yasiyojaa kikombe, na karibu yote hubaki kwenye vitambaa. Kwa njia ya kumwagia, hutumika nusu lita na zaidi, na yote huishia mchangani pamoja na sabuni. Vitambaa vikaushwe mahali pa wazi mbali na jiko, na visirudi kamwe kwenye ndoo ya kufutia vioo, maana utando wa mafuta ya taa kwenye kioo cha mbele hauonekani mpaka ukutane na taa za lori usiku, mvua ikinyesha.